Kaaha Ndiye Aliyemsomea Hooyo

S.L.P. 417,
Garissa.

24 Aprili, 1998.

Mpendwa ndugu yangu Aweys,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta salama huko Toronto, wewe na mkeo Weris na watoto ambao mpaka leo nawajua kwa picha tu. Baridi imepungua? Na kile kifua chako kilichokusumbua mwaka jana, umekwenda kukionyesha kwa daktari, au bado unasema kitapona chenyewe?

Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mvua zimekatika na Tana imerudi mahali pake, ingawa mashamba ya ndizi ya kando ya mto yamebaki matope matupu. Mbuzi wa baba yetu, Aabbe, waliosalia baada ya ile homa ya mifugo hata zizi hawajazi. Mume wangu Dekow yuko palepale ofisi ya maji. Mimi bado nafundisha darasa la tatu. Nakuandikia kwa Kiswahili kama siku zote. Lugha yetu tunaizungumza tu, kuiandika hatukufundishwa, na hiki tulijifunza mimi na wewe kwenye dawati moja.

Barua yako ya Februari ilinifikia wiki iliyopita. Niliisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni pa posta, watu wananipita. Umeandika kwamba Wasomali wa huko wanasema Hooyo alibatizwa akiwa mahututi, na kwamba aliyembatiza ni Kaaha, binti yake mwenyewe. Umeandika kwamba hulali usingizi. Umeniomba nikueleze ukweli hata ukiwa mchungu.

Nakujibu kwanza ili upate kulala. Mama yetu hakubatizwa. Alikufa Mwislamu, aliswaliwa, akazikwa kama Waislamu wanavyozikwa. Wallahi sikufichi. Lakini ukweli wote ni mrefu kuliko hilo, na unauma kwa namna nyingine. Mengi yalitokea baada ya wewe kuondoka mwaka 1989, kwa hiyo nivumilie nianze mbali kidogo.

Unamkumbuka Kaaha alivyokuwa mdogo. Aabbe alikuwa akimchukua soko la mifugo, na wakirudi anatuigizia madalali: vile wanavyoshikana vidole chini ya shuka ili wengine wasijue bei, vile mmoja anavyojifanya amekasirika na kuondoka huku anatembea polepole ili aitwe. Aabbe alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuna mtoto aliyemchekesha Aabbe hivyo, si mimi wala wewe. Kwa hiyo wale wazungu wa filamu walipomwona Nairobi, chuoni kwake, wakampa nafasi ndogo na baadaye kubwa, mimi sikushangaa.

Mwaka uliofuata kuondoka kwako, gari la sinema lilikuja hapa likatundika shuka jeupe uwanjani. Mji mzima ulikwenda. Sisi wanawake tulisimama nyuma. Kwenye filamu Kaaha alikuwa mke wa mfugaji ambaye ukame unamaliza nyumba yake, na mwisho naye anakufa. Alipolala pale chini akafumba macho, Hooyo alipiga yowe hata watu wakageuka. Nilimshika nikamwambia ni mchezo tu, Kaaha yuko Nairobi, mzima, labda sasa hivi anakunywa chai. Hakunisikia. Hakutulia mpaka siku Kaaha alipopiga simu posta naye akaisikia sauti yake.

Aabbe hakwenda kutazama. Alisema binti yake ameutoa uso wake kwa kila mwenye macho. Hata hivyo hakumfukuza. Kaaha akija nyumbani, Aabbe alikaa mbali naye kidogo, basi, na chai aliyoipika aliinywa.

Halafu mwaka 1993 redio ikatangaza kwamba mwigizaji Kaaha Nunow ameacha filamu, kwamba ameamua kumtumikia Mungu. Hivyo tu, hawakusema zaidi. Laiti ungemwona Aabbe siku ile. Alichinja kondoo dume, akamwita Maalim Ogle aliyetufundisha Kurani asome dua, akagawa nyama kwa mkono wake mwenyewe nyumba kwa nyumba. Kila aliyempa mkono alimwambia, “Binti yangu amerudi.”

Siku chache baadaye Kaaha alishuka kwenye basi, gauni refu, kitambaa kichwani, mdomo hauna rangi. Majirani walimpokea kwa vigelegele. Aliomba azungumze na Aabbe peke yake, lakini Aabbe kwa furaha aliyokuwa nayo akasema nyumba hii haina siri, sema tu. Mimi na Hooyo tulikuwa tumekaa hapohapo.

“Aabbe,” alisema, “ni kweli nimeacha filamu kwa ajili ya Mungu. Lakini nimemfuata Yesu. Nimebatizwa, na ninahubiri kanisani. Sikutaka ulisikie hili kwa mtu mwingine.”

Nje watoto walikuwa wanacheza, mtu angedhani hakuna lililotokea duniani. Kisha Aabbe akasema kwa sauti ya chini, “Heri ungebaki kwenye filamu.”

Alichukua bakora yake akaenda msikitini, na haukuwa wakati wa swala. Kaaha akarudi Nairobi na basi la siku hiyohiyo. Hooyo alimsindikiza mpaka kituoni akiwa amemshika kiganja.

Mimi Kaaha alinieleza baadaye jinsi ilivyokuwa. Aliugua homa ya matumbo akalazwa. Jamaa zetu wa Eastleigh walipelekewa habari na hakuna aliyekwenda, maana ni aibu kuonekana kando ya kitanda cha mwanamke wa filamu. Waliokwenda ni majirani zake wawili, wanawake wa kanisani. Walimlisha, walimfulia nguo, walimwombea. Alipopona aliwafuata kule walikokuwa wakienda, na huko akasikia maneno ambayo, alisema, yalimkuta mahali ambapo hakuna neno lililowahi kumkuta. Siyatetei, Aweys. Nakupa kama alivyonipa. Mwanzoni watu walijaa kanisani kumtazama mwigizaji. Wengi walibaki kwa sababu ya maneno yake.

Wala usidhani Aabbe ana moyo wa jiwe. Alikuwa mtu wa kuitwa kila penye ugomvi wa malisho au wa damu, kuanzia hapa mpaka Bura. Baada ya habari ile hakuna aliyemfukuza; waliacha tu kumwita. Msikitini alihama safu ya mbele akaenda kuswali nyuma, karibu na viatu. Akitaka kumtaja Kaaha hakulitamka jina, na akatuambia kwamba huyo hatavuka kizingiti chake akiwa hai.

Hooyo naye alikuwa na yake. Dereva mmoja wa lori alituletea kaseti ya mahubiri ya Kaaha, nikaificha kabatini kwangu. Hooyo alikuwa akija mchana, Dekow akiwa kazini, ananiambia, “Niwekee.” Unajua Kiswahili chake, ni cha sokoni tu, mahubiri yale hakuyaelewa. Alikuwa anaisikiliza sauti. Siku moja akaniuliza, “Anasema nini?” Nikamwambia anasema watu wapendane. Akasema, “Hayo mimi nilimwambia zamani,” akageuza kaseti upande wa pili.

Ugonjwa wa ini ulikuwa umeshamchosha kwa miaka miwili. Mafuriko yalipokuja, na nyuma yake malaria ile iliyoangusha watu kila nyumba, hakuwa na nguvu ya kupigana nayo. Hospitali ilijaa, wagonjwa wamelala sakafuni, tukaambiwa tumrudishe nyumbani tumpe dawa wenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa Ramadhani. Kila akipata fahamu alimtaja Kaaha. Hakumtaja kwa kelele. Alikuwa anauliza tu kama mtu anayeuliza saa. “Kaaha amefika?”

Nilipiga simu Nairobi kabla laini hazijakatika. Barabara ilikuwa imekatika sehemu nyingi. Sijui alipitaje, najua alipanda magari ya chakula cha msaada, akatembea, akavushwa na mashua upande wa Madogo ambako maji yalikuwa yamefunika njia. Alitokea nyumbani alasiri moja akiwa na matope mpaka magotini na mfuko mmoja wa nailoni mkononi.

Aabbe alikuwa amekaa mlangoni. Alisimama akaziba mlango kwa mwili wake. “Yule haingii,” alisema, akiniambia mimi, si yeye.

Kaaha hakubishana. Alisimama pale uani, akasalimia. Salamu ile Hooyo aliisikia ndani.

“Kama haingii,” Hooyo alisema, na sauti yake ilikuwa na nguvu ambayo hatukuwa tumeisikia kwa wiki nzima, “basi nitoeni mimi.”

Tulidhani ni homa. Akarudia. Dekow aliniangalia, mimi nikamwangalia Aabbe. Mwishowe Dekow na vijana wawili wa jirani wakainua kitanda na Hooyo juu yake. Aweys, Aabbe alisogea. Hakusema ndiyo wala hapana, alisogea tu upande ili kitanda kipite, na mkono wake ulishika ukuta.

Tulimpeleka kwa Saynab, yule mjane anayeuza maziwa, ambaye ua wake umeungana na wetu. Saynab alitufungulia kabla hatujabisha. Akaniambia, “Mgonjwa akija nyumbani kwangu na mwanawe, nitamuuliza nini?”

Hooyo alikaa pale siku zake za mwisho. Kaaha alimwosha, alimgeuza, alimnywesha uji kwa kijiko, alimchana nywele taratibu maana kichwa kilikuwa kinamuuma. Mchana wa Ramadhani Kaaha hakula mbele ya mtu, wala sikumwona akila kwa kujificha. Wakati mmoja Hooyo alimwomba, “Nifanyie madalali.” Akamfanyia. Mwanamke mzima, mhubiri wa kanisa, amejifunika shuka, anavuta vidole vya mama yake chini ya hilo shuka na kukunja uso. Hooyo alicheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko la Saynab.

Mji haukunyamaza. Wanawake walikuja kumwona mgonjwa huku macho yao yanamtafuta Kaaha. Vijana walianza kusimama karibu na ua wakisema mhubiri amekuja kumgeuza mama yake. Binamu yetu Abdijabar ndiye aliyewaongoza. Maalim Ogle alisikia, akaja mwenyewe, akaketi mlangoni watu wote wakimsikia.

“Kaaha,” alimwuliza, “umemhubiria mama yako?”

“Hapana, maalim. Nimekuja kumuuguza.”

Maalim akamgeukia Hooyo, akamwuliza kwa upole kama ana lolote la kusema juu ya dini yake.

“Nilizaliwa Mwislamu,” Hooyo alisema, “na nitakufa Mwislamu, na huyu ni mwanangu. Kitu gani hapo hamkielewi?”

Maalim aliinuka akawaambia vijana waende nyumbani. Walikwenda, lakini maneno yao yalibaki yanatembea, na naona yametembea mpaka Toronto.

Sasa nakueleza siku yenyewe. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Pumzi ya Hooyo ilibadilika, ikawa inakuja na kusita. Nilijua. Nikamwambia Kaaha akae naye, mimi nikakimbia kumwita Maalim Ogle aje amsomee, kwa sababu niliona hilo si jambo la kumwachia yeye. Saynab alikuwa kizingitini anaosha vibuyu vya maziwa. Yafuatayo niliyapata kwake, na baadaye Kaaha hakuyakana.

Hooyo alifungua macho akajaribu kutamka kalima ya shahada. Ulimi ukawa mzito. Alianza mara mbili, hakuweza kufika mwisho. Akamtazama Kaaha. “Nisomee,” alisema.

Kaaha akamwambia, “Ngoja kidogo, Hooyo. Amino anakuja na maalim.”

“Nisomee wewe.”

Saynab anasema Kaaha alifunika uso kwa viganja kidogo. Kisha akainama, mdomo wake karibu na sikio la Hooyo, akamsomea, neno baada ya neno, kama Hooyo alivyotufundisha sisi sote kabla hatujajua kuvaa viatu. La ilaha illallah. Akangoja. Midomo ya Hooyo ikafuata. Muhammadur rasulullah. Akangoja tena. Midomo ikafuata. Haikutikisika tena.

Niliporudi na maalim, Kaaha alikuwa ameshamfumba macho, amemfunga taya kwa kitambaa alichokivua kichwani mwake mwenyewe, amemwelekeza kibla. Alikuwa amekaa ukutani, kichwa wazi. Sijawahi kuona uso ule, Aweys, hata kwenye lile shuka la sinema. Haukuwa na kitu.

Ungedhani yaliisha hapo. Wanaume walipokusanyika, Abdijabar alisema haswaliwi mpaka ijulikane amekufa katika dini gani, kwa sababu aliyekuwa naye peke yake ni kafiri. Alilitumia neno hilo. Aabbe alikuwa amekaa katikati yao, ameinama, mkewe amelala nyumba ya pili, na hakuweza kutoa ushahidi maana hakuwepo. Hilo ndilo lililomuumiza, kwamba hakuwepo.

Saynab alitoka akasimama mbele ya wanaume wote. Unamjua, si mtu wa maneno mengi. “Wallahi nimemsikia Barwaqo akitamka kalima,” alisema, akimtaja Hooyo kwa jina lake. “Nimemsikia na aliyemsomea. Ni binti yake. Mimi nilikuwa na masikio mawili pale mlangoni. Nyinyi mlikuwa na nini?”

Maalim Ogle alisema hiyo inatosha, leteni jeneza. Akaswaliwa, na msikiti ukajaa hadi nje.

Kabla hajaswaliwa tulimwosha mimi, Saynab na shangazi Fatumo. Kaaha alibaki nje ya ua. Hakuomba kuingia, alijua hangeruhusiwa. Nilipotoka aliniuliza, “Nywele mmezisuka?”

“Tumezisuka mikia mitatu.”

“Nani alisuka?”

“Mimi.”

Akaitikia kwa kichwa. Hakuna kingine alichouliza juu ya mazishi ya mama yake.

Nitakuambia jambo ambalo huko Toronto hawatakuambia. Maneno ya Saynab yalipomwingia Aabbe, moyo wake uliinuka. Niliona. Aliacha kula futari akamwita Maalim Ogle pembeni. “Yule ameitamka kwa mdomo wake,” alisema. “Si amerudi? Kamwulize. Kama amerudi, mlango uko wazi, usiku huu, mbele ya kila mtu.” Alikuwa amemshika maalim mkono wa kanzu kama mtoto.

Maalim alikwenda. Nilikuwepo. Kaaha alimsikiliza mpaka mwisho, machozi yanamtoka, halafu akasema, “Mwambie Aabbe nilimsomea kwa sababu ilikuwa yake naye aliniomba. Ningemnyimaje mama yangu kitu chake? Lakini mimi sijarudi, maalim. Nikisema nimerudi nitakuwa naigiza.”

Fikiri, Aweys. Mtu aliyekuwa analia machozi ya kweli kwa kulipwa, neno moja tu lingemwingiza nyumbani, na watu wote wangemwamini. Hata mimi nilikuwa namwomba kimoyomoyo aseme tu, aseme halafu tutaona. Hakusema. Nilimkasirikia siku ile. Sasa sijui kama bado nimemkasirikia au namhurumia au namheshimu; nikianza kufikiri, yote matatu yananijia pamoja.

Maalim alirudi akamwambia Aabbe. Aabbe alisema, “Sawa.” Akaenda kulala na njaa.

Kaaha aliondoka baada ya siku za matanga. Ilimbidi apite mbele ya turubai walipokaa wanaume wanaopokea mkono wa tanzia. Alipopita, Aabbe alivuta shuka lake la begani akajifunika uso. Wengine walidhani ni chuki. Mimi nilikuwa karibu, nikaona shuka linavyotikisika.

Nilimsindikiza mpaka kwenye mashua. Aliniambia, “Usidhani ilikuwa rahisi, Amino. Nimelisema neno ambalo nilikuwa nimeliacha, na Jumapili nitasimama mbele ya watu wangu. Siwezi kuwaficha.” Nikamwambia asiwaambie, nani atajua? Akanishika shavu, akapanda.

Akawaambia kweli. Nimempata kwa simu mwezi uliopita. Alisimama kanisani akaeleza alivyomsomea mama yake kalima. Wengine walilia pamoja naye. Wengine waliondoka katikati ya ibada. Wazee wa kanisa lake wakakaa, wakamwambia apumzike kuhubiri mpaka watakapoliangalia jambo lake. Hawajamwita tena. Filamu aliziacha mwenyewe. Kwetu hawezi kuja. Sasa na kule wamemketisha. Anakaa chumba kimoja Kayole, anafundisha watoto wa mtaani kushona, na aliponiambia haya hakumlaumu mtu hata mmoja.

Juzi nilimweleza Aabbe. Nilisita, nikijua huenda akasema anastahili. Alikuwa anatawadha kwa ajili ya magharibi. Birika lilibaki hewani mkononi mwake, maji yanamwagika.

“Sasa anaongea na nani?” aliniuliza.

Nikasema sijui.

Alimaliza kutawadha. Akaswali palepale uani, akakaa juu ya mkeka muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akaniita. “Unamwandikia Aweys?”

“Ndiyo, Aabbe.”

“Mwambie ampigie simu dada yake. Mimi nikishika simu nitanyamaza, naye atadhani laini imekatika. Lakini Aweys ataweza.”

Miaka mitano yote hiyo Aabbe hakumtaja ila kwa neno moja, “yule”. Juzi alisema “dada yake”. Nilikwenda jikoni nikalia, nikarudi nikaomba kalamu kwa mwanangu.

Namba ya simu ya mwenye nyumba wake nimeiandika nyuma ya picha ya Hooyo niliyoiweka humu. Mpigie, Aweys. Si lazima mzungumze dini. Muulize kama amelala vizuri, muulize amekula nini. Yeye hatakulaumu kwa kukawia, nakuahidi.

Shangazi Fatumo anakusalimu, magoti bado yanamsumbua. Saynab anakusalimu na kusema wanao waletwe wanywe maziwa ya ngamia wapate mifupa. Dekow na watoto wanakusalimu sana. Msalimie Weris, umwambie sweta alizotuma zilifika, na ingawa huku ni jua tupu watoto wangu wanazivaa kwenda shule kwa maringo. Aabbe anakusalimu, na anakuombea kila baada ya swala. Kaaha naye anakusalimu. Aliniomba nikufikishie salamu zake kama nitaona inafaa, nami nimeona inafaa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Hooyo, alipanue kaburi lake liwe bustani, atulinde sisi tuliobaki na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana nyuso.

Ni mimi dada yako nikupendaye leo kama nilivyokupenda tangu tukiwa watoto,

Amino Nunow.